Barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Wilaya: lile tangazo la mlangoni, libandueni

Waheshimiwa Waganga Wakuu wa Wilaya,

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimetumika miaka 31, zaidi ya nusu yake kliniki ya mama na mtoto na wodi ya wazazi, katika vituo vya Kanda ya Ziwa ambavyo sitavitaja. Wengi niliofanya nao kazi bado wako zamu, na kosa nitakaloeleza hapa nililitenda mimi. Nawaandikia ninyi, simwandikii waziri, kwa sababu ninachoomba hakipiti bungeni wala hakina kifungu cha bajeti. Kinataka waraka wa nusu ukurasa wenye saini yenu, na mtu mwenye kucha.

Kucha ni za kubandulia karatasi. Mnaijua. Imebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa kliniki ya wajawazito, imeandikwa kwa kalamu nene: WAJAWAZITO WOTE, HUDHURIO LA KWANZA MJE NA WENZA WENU. Mahali pengine huongezwa mstari wa chini: asiye na mwenza alete barua ya mwenyekiti. Hata pale ambapo karatasi haipo, maneno yenyewe yapo, husemwa dirishani. Mimi ninaijua vizuri kuliko wengi kwa sababu mwaka mmoja niliiandika kwa mkono wangu, na mwandiko wangu ukasifiwa na wakaguzi.

Jumanne moja alikuja binti. Jumanne kwetu ilikuwa siku ya mahudhurio ya kwanza. Alijifunga kanga mbili, moja kiunoni na nyingine kichwani, kama mtu mzima, lakini viatu vilikuwa vya shule, vyeusi vya kamba, na soksi nyeupe amezikunja ndani zisionekane. Nikamwuliza umri. Kumi na tisa, akasema. Nyumbani nilikuwa na binti wa kidato cha pili, kwa hiyo nilijua kumi na tano ikoje. Mwenzio yuko wapi? Amesafiri. Kaenda wapi? Kisiwani, dagaa. Nikamwambia basi akirudi mje wote wawili, au nenda kwa mwenyekiti akuandikie barua. Nilisema kwa upole, nikamwita mwanangu. Akaitikia, "Haya mama, shikamoo," akaondoka. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na mimi nilijiona nimefanya kazi yangu.

Alirudi miezi miwili na nusu baadaye, saa nane usiku, amekalishwa katikati kwenye bodaboda, mama yake mdogo nyuma. Mimba kwa kipimo cha mkono ilikuwa ya wiki 32 hivi. Sikusikia mapigo ya moyo wa mtoto. Alijifungua kabla ya alfajiri. Wakunga mnaosoma hii mnajua tofauti ya mtoto aliyekufa njiani wakati wa uchungu na yule aliyetangulia kufa tumboni kwa siku kadhaa. Huyu alikuwa ametangulia. Nilipomshika mguu, ngozi ilibaki kwenye glavu yangu.

Asubuhi tukampima kaswende, kwa mara ya kwanza tangu apate mimba. Tone moja la damu ya kidole, dakika chache za kusubiri, mstari ukatokea. Kipimo kile kilikuwa kabatini Jumanne ile, hatua sita kutoka nilipokuwa nimekaa. Na dawa ilikuwapo.

Katika mfuko wake wa nailoni, pamoja na khanga kuukuu, pamba na nyembe alizoagizwa aje nazo siku ya kujifungua, kulikuwa na barua. Muhuri wa kijiji, tarehe ya siku tisa baada ya mimi kumrudisha. Mwenyekiti alitaka shilingi elfu tatu, akalipa. Akaja nayo kliniki siku ya Alhamisi, akaambiwa na mwenzangu kwamba mahudhurio ya kwanza ni Jumanne. Hakuja tena. Ila barua aliitunza, maana aliambiwa itatakiwa.

Sasa niwaeleze kwa nini nadhani habari hii ni yenu nyote, si ya kituo kimoja na mkunga mmoja.

Kaswende kwa mjamzito ni ugonjwa wa kimyakimya. Kidonda cha mwanzo hakiumi, na kwa mwanamke mara nyingi kinakaa ndani asikokuona. Kinapona chenyewe. Vipele vikifuata, navyo vinakauka. Binti anaendelea kuchota maji na kucheza rede huku vijidudu vikivuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Mtu wa namna hiyo hatakuja kwenu kulalamika. Njia pekee ya kumjua ni kumpima akiwa haumwi, na siku pekee mliyo na hakika nayo ni ile aliyojikaza akaja.

Na takwimu za jambo hili hatukuzipata ng'ambo. Zilitoka hapa Mwanza. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya wajawazito wa mkoa huo: kati ya wale waliokuwa na kaswende kali na hawakuwa wametibiwa, 25% walizaa watoto wafu. Kwa wasio na kaswende ilikuwa 1%. Na katika kundi zima la wanawake ambao hawakupimwa wakati wa ujauzito, nusu ya vifo vyote vya watoto tumboni, 51%, vilitokana na ugonjwa huu mmoja. Nusu. Nilipoisoma nilirudia mstari ule mara mbili, nikifikiria watoto wangapi tuliwafunga kwenye khanga tukiwaambia mama zao kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Utafiti huohuo uliwafuatilia waliochomwa sindano moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, na ukakuta matokeo ya mimba zao hayakutofautiana na ya wanawake wasiougua. Sindano moja. Mwaka 2003 wakachapisha hesabu ya gharama: kumpima mjamzito mmoja ilikuwa dola 1.44. Sisi tulimtaka binti elfu tatu za mwenyekiti kabla ya kumpa kipimo cha bei hiyo.

Mkoa huohuo ndio ulioufundisha ulimwengu, mwaka 1995, kwamba kutibu vizuri magonjwa ya ngono kwenye zahanati za kawaida kunaweza kupunguza maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI kwa karibu 40%. Jamii 12, zahanati zetu hizihizi, wahudumu waliofundishwa wiki chache. Nchi nyingine zinatusoma darasani. Ndiyo maana karatasi ile mlangoni inanichoma zaidi.

Najua ilikotoka, na iliandikwa kwa nia njema. Programu ya kuzuia maambukizi ya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ilipoenea, tuliona wazi kwamba kumtibu mama peke yake ni kufukia shimo moja la panya wakati shamba lina mashimo mawili. Anapona, anarudi nyumbani, anaambukizwa upya. Wengine walipigwa kwa kuleta majibu nyumbani. Tukaambiwa tuwashirikishe wanaume. Miongozo ilisema tuwahamasishe. Sasa kuhamasisha mwanamume wa kwetu aende kliniki ni kazi, na mwisho wa robo mwaka kuna fomu inayouliza ni asilimia ngapi ya wenza wamepimwa. Kwa hiyo tukaanza kuwahudumia kwanza waliokuja wawili. Halafu waliokuja peke yao tukawakalisha hadi mwisho. Halafu tukawarudisha. Hakuna mtu aliyetoa amri hiyo kwa maandishi, angalau mimi sikuwahi kuiona. Ilijijenga yenyewe, kama njia ya mkato katikati ya kiwanja cha mtu.

Kwa mke wa miaka 30 mwenye mume karibu, karatasi ile ni usumbufu. Mume atalalamika, atakuja, atapimwa, huenda ikawa heri. Kwa binti wa miaka 16 ni ukuta, na nitawaonyesha tofali lake moja.

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sina ugomvi na sheria hiyo. Nina ugomvi na sisi, tunaosimama dirishani na kumwambia mwanafunzi nenda kamlete. Tunamwagiza aende kumwita mtu aje kuandikisha jina lake kamili, kijiji na namba ya simu kwenye rejesta ya serikali, kama ushahidi dhidi yake mwenyewe. Ni mwanamume gani atakuja? Na binti gani mwenye akili zake atathubutu kumwomba? Binti anayejua kwamba mwanamume hatakuja habishani naye, anaacha kliniki. Anatafuta kitu cha kumwambia mama yake, anakaza kanga tumboni, na anasubiri mpaka mimba ionekane na kila mtu ndipo hapana budi. Kwa kaswende huko ni kuchelewa. Tiba inayomfikia mama chini ya mwezi mmoja kabla ya kujifungua haihesabiwi kuwa imemkinga mtoto.

Yupo pia yule ambaye "mwenza" wake ni mjomba, au mwalimu, au mwenye nyumba waliyopanga. Kwa sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Huyo tunamwambia akamlete aliyemharibia waje wakae benchi moja wasubiri kuitwa. (Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo bado inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, ingawa Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubali kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Kwa hiyo mabinti wawili wa umri mmoja, mmoja ni mke, mwingine ni shahidi wa jinai, na wote wanasoma tangazo moja. Hilo nawaachia wanasheria.)

Mabinti wajanja wao wamepata dawa ya karatasi. Nawaambia mnalolijua lakini halimo kwenye taarifa zenu. Kituoni kwetu kulikuwa na kijana wa bodaboda, mchangamfu, koti jekundu. Katika miezi miwili nilimwandika kwenye rejesta mara tatu, kwa majina mawili tofauti, akiwa mwenza wa mabinti watatu. Mara ya tatu nilimtazama usoni. Akacheka, akasema, "Mama, mimi ni usafiri tu." Nauli yake ilijumuisha kwenda, kurudi, na kutobolewa kidole.

Cheka kidogo, halafu tazama kilichotokea kwenye karatasi. Mwenza: amepimwa. Kaswende: hana. Binti mmoja kati ya wale watatu alikuwa nayo, tukamchoma sindano, tukamwambia mwenzako hana tatizo kwa hiyo endelea vizuri. Aliyemwambukiza yuko kisiwani na kaswende yake, atakuja mbalamwezi ikitoka, watakutana, na mwezi wa nane mtoto aliyeponywa mwezi wa tano ataugua tena. Wakati huohuo, kwenye chati ya ukutani, asilimia ya wenza waliopimwa imepanda na mgeni kutoka mkoani amepiga picha. Kwenye daftari tulipata wanaume, na ugonjwa ukabaki palepale.

Mnaweza kuniuliza: kwa hiyo mwanamume aachwe? Hapana. Nataka atibiwe kweli, ndiyo maana sitaki wa kukodi. Ipo kadi ya kumwita mwenza, tunayo kwenye huduma za magonjwa ya ngono tangu zamani, imesahaulika droo ya chini. Haina jina la ugonjwa wala jina la binti. Ina namba yake ya usajili na alama ambayo mhudumu yeyote anaielewa. Binti anaipeleka au anaituma. Mwanamume anaweza kuipeleka zahanati yoyote, hata ng'ambo ya ziwa, akatibiwa bila kuulizwa imetoka kwa nani. Kwa wavuvi wa dagaa niongeze jambo ambalo halipo kwenye mwongozo wowote: wanavua usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka mialo inajaa wanaume wasio na kazi, wananyoa nywele na kufua nyavu. Kama mna gari na mafuta ya safari moja tu ya huduma za mkoba kwa mwezi, angalieni angani kwanza kabla ya kuangalia kalenda ya ofisi.

Na yule aliyebakwa, atibiwe kwanza. Akishachomwa sindano na kupewa maji, ndipo aelezwe kuhusu fomu ya polisi, PF3, na dawati la jinsia polisi, na mtu amsindikize kama yuko tayari kwenda. Nimeona mara nyingi mpangilio ukigeuzwa: kwanza maelezo, kwanza mtendaji, kwanza mzazi aitwe. Kufika jioni binti ameondoka na damu yake haijapimwa.

Kuna jambo la siku. Hudhurio la kwanza kuwa Jumanne tu, au asubuhi tu kabla ya saa nne, tulilipanga kwa ajili yetu, ili somo la afya litolewe mara moja na vipimo vifanywe kwa pamoja. Mama mtu mzima anapanga safari zake. Mwanafunzi anatoroka kipindi. Anakuja siku aliyopata upenyo, na upenyo huo haumwulizi ratiba ya kituo. Kipimo cha sasa kinachosoma Virusi vya UKIMWI na kaswende kwa tone moja la damu hakihitaji maabara wala umeme wala kundi la watu kumi. Robo saa hadi dakika ishirini. Aliyefika Alhamisi saa nane mchana apimwe Alhamisi saa nane mchana, hayo mengine ya kuchukua urefu, kumwandikia kadi na kumpa chandarua yanaweza kungoja Jumanne. Sheria yenyewe imekwisha kutangulia mbele yetu: tangu marekebisho ya mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupimwa Virusi vya UKIMWI bila ruhusa ya mzazi. Bunge limemwamini binti na kidole chake. Dirisha letu bado linamwuliza mwenzake yuko wapi.

Nisiache sindano yenyewe, kwa sababu huko nako mabinti wanapotea na hakuna anayeandika. Benzathini ni dawa nzito. Unga ukishachanganywa na maji unakuwa kama uji mwepesi, ukichelewa sekunde kadhaa unaziba sindano, na ikiingia kalioni mtu mzima anauma kanga. Wauguzi wa zahanati ndogo wanaiogopa kwa sababu nyingine: wamesikia habari ya mtu aliyechomwa akaanguka. Mzio mkali wa penisilini kwa mjamzito ni nadra sana, na dawa yake ni adrenalini, ambayo inatakiwa kuwapo kwenye trei ya dharura hata hivyo. Lakini muuguzi yuko peke yake zamu, hana wa kumsaidia, kwa hiyo anaandika rufaa: aende kituo cha afya. Kilomita 18, nauli elfu nane kwenda na kurudi, binti ana mia tano. Kwenye rejesta ya wajawazito, MTUHA namba 6, safu ya matibabu inaandikwa "rufaa", na rufaa inaonekana kama kazi imefanyika. Wengine humpa vidonge badala ya sindano ili wasimrudishe mikono mitupu. Vidonge hivyo vinaweza kumtuliza mama lakini hatuwezi kuvitegemea kuvuka kondo na kumponya mtoto. Kwa mjamzito, ni penisilini. Waganga Wakuu, pitieni zahanati zenu mwulize swali moja tu: mara ya mwisho mlimchoma nani benzathini hapahapa? Mkijibiwa kimya, pelekeni adrenalini na mkunga mzoefu wa kukaa nao wiki moja. Uoga wa sindano haupotei kwa semina ya hotelini.

Magonjwa mengine nitayapita haraka. Kisonono na klamidia hatuna kipimo chake cha haraka kwenye zahanati, tunatibu kwa dalili, na wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote. Mwili wa msichana unawapokea wadudu hao kwa urahisi zaidi: kwenye mlango wa kizazi wake zile seli laini za ndani bado ziko nje, hazijafunikwa na ngozi ngumu kama ya mwanamke aliyekomaa. Kwa hiyo mwulize, mchunguze, usimpe kisogo akisema anatokwa uchafu ukamwambia ni mambo ya ujauzito. Na ile tyubu ndogo ya mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka macho ya kichanga, isikosekane chumba cha kujifungulia. Nimewaona watoto wa siku tatu kope zimefunga usaha. Ni dawa ya bei ya soda.

Huenda baadhi yenu mnawaza kwamba mabinti hawa si wengi kiasi cha kubadilishia utaratibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta 22% ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata mimba. Imeshuka kutoka 27% ya mwaka 2015/16, tumshukuru Mungu na waliohangaika. Bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Kama kwenye foleni yenu hamuwaoni kwa wingi huo, msifurahi. Jiulizeni wako wapi.

Wengine mtasema tukiondoa sharti tutakuwa tumewabariki. Neno hilo nililisikia sana mwaka 2017, serikali ilipotangaza kwamba aliyejifungua hatarudi shule. Novemba 2021 mlango ule ukafunguliwa, na waraka ukatoka kwamba wanaweza kurejea. Nimekutana na mmoja wao kwenye daladala, amevaa sare, mtoto kamwacha kwa bibi yake, anazungumzia mtihani wa fizikia. Hakuna aliyebarikiwa wala kulaaniwa hapo, kuna mtoto anayesoma. Kama nchi imeweza kulibadili lile la shule, ambalo lilikuwa limesemwa jukwaani na mkuu wa nchi, hili la karatasi ambalo halina hata mwenyewe haliwezi kuwashinda.

Ninachoomba kiandikwe kwenye waraka wenu ni hiki tu, kwa maneno mtakayochagua: kwamba mjamzito yeyote anayefika, awe na mwenza, asiwe naye, awe na barua au hana, siku yoyote, saa yoyote ya kazi, apimwe kaswende na Virusi vya UKIMWI siku hiyohiyo na akikutwa na kaswende achomwe sindano kabla hajatoka getini. Na kwamba kituo kisipimwe tena kwa asilimia ya wenza walioletwa. Mpime kwa idadi ya waliokutwa na kaswende, na wangapi kati yao walichomwa siku hiyo. Hizo ni namba mbili tu na zote zimo kwenye rejesta mliyonayo. Wakuu wa vituo wakijua ndizo zitakazoulizwa, mtashangaa jinsi benzathini itakavyoanza kuagizwa Bohari ya Dawa kabla haijaisha.

Wenyeviti wa vijiji nao wapelekewe nakala. Baadhi yao wanaandika barua hizo kwa huruma, bila kuchukua senti, wakidhani ni takwa la serikali. Waambiwe si takwa.

Binti yule wa viatu vya shule nilimchoma mwenyewe, sindano tatu, moja kila wiki, kwa kuwa hatukujua ugonjwa una muda gani. Alikuja zote tatu, peke yake. Ya mwisho ilikuwa siku ya Ijumaa. Alipomaliza akaniuliza kama ile barua nitairudisha au inabaki kwenye faili. Nilimwambia inabaki. Sikuwa na la kumwambia zaidi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba haikuwahi kuwa na kazi.

Jioni ile nilibaki nyuma, nikaenda mlangoni na kuanza kuibandua karatasi yangu. Selotepu ilikuwa imekaa jua misimu miwili, imegeuka njano na kushikana na mbao. Msiikwangue kavu kama nilivyofanya mimi, rangi ya mlango inatoka nayo na alama inabaki. Lowesheni kitambaa kwa maji ya moto, mkiweke juu yake kidogo, halafu vuteni polepole kuanzia pembeni.

Wenu,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Kanda ya Ziwa